Deni la Fundi

Ujuzi alionao mtu mikononi ni mali yake mwenyewe, au ni mali ya watu waliomfikisha alipo? Swali hili laweza kuonekana la wazee wa baraza, lakini hapa Songea sisi vijana tunalizungumza kila siku bila kulitaja kwa jina. Kijana wa hapa akimaliza uhandisi akabaki Dar es Salaam, kijiweni utasikia: "Ametutupa yule." Akirudi nyumbani hana kazi, kijiwe kilekile kitasema: "Sasa kasoma ili iweje?" Akienda ni msaliti, akirudi ni mzigo. Ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwani naona lawama zetu zimekosa anwani.

Nchi hii ina malalamiko mawili yanayopishana njiani bila kusalimiana. Vijana wanalia kwamba hakuna kazi. Waajiri nao wanalia kwamba hakuna watu wenye ujuzi. Mwezi Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70 tu, waombaji wapatao 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili, utadhani Simba na Yanga wanacheza. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitaka watu 1,596, wakaomba zaidi ya 130,000. Ukiyasikia hayo utasema nchi imejaa wasomi hadi wanamwagika.

Sasa njoo Bombambili. Mashine ya kusaga jirani na ninapokaa iliunguza mota. Umeme wa gridi ya Taifa ulipofika Songea mwaka 2018 kutoka Makambako, tulishangilia, kwani tulikuwa tumechoka na jenereta za dizeli na mgawo usiokwisha. Lakini umeme nao una elimu yake. Mota kubwa hutumia fezi tatu. Moja ikikatika na mota ikaendelea kuvuta kwa mbili zilizobaki, waya za ndani hupata moto na kuungua. Kumzuia asiungue huyo mnyama kunahitaji kifaa kidogo cha kinga kilichofungwa na mtu anayejua anachofanya, na akishaungua anahitaji fundi wa kumsuka upya. Fundi hakupatikana. Mota ikapakiwa kwenye basi kwenda Mbeya, na kwa muda wa wiki mbili akina mama wakabeba debe za mahindi kichwani hadi Lizaboni. Mkoa unaolisha nchi mahindi, unga unakuwa shida kwa sababu ya waya! Na kibarazani pale palikuwa na vijana wanne wanacheza drafti, wawili kati yao wana digrii.

Hapo ndipo ninapoanza kuona kwamba upungufu tulio nao una sura yake. Wahandisi wenyewe hupenda kutaja uwiano: mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi mchundo ishirini na watano. Sisi vichwani mwetu tumeigeuza piramidi hiyo ikasimama kwa ncha. Kila mzazi anataka yule mmoja awe wake, na wale ishirini na watano wawe watoto wa jirani. Sheria ya kuanzisha VETA ilipitishwa mwaka 1994, lakini hadi leo mtaani utasikia mtoto akitishwa: "Ukifeli nakupeleka VETA!" kana kwamba anatishwa na jela. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Januari 2025 imeweka mkondo wa amali katika sekondari, na hilo ni jambo jema. Ila sera haina uwezo wa kumwambia baba mkwe amheshimu mchomeleaji kama anavyomheshimu karani wa benki. Hiyo ni kazi yetu.

Turudi kwenye deni. Mwalimu Nyerere aliwahi kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo ni mzito, na ndio unaotumika hadi leo kuwahukumu walioondoka. Lakini tuwe wakweli. Wakati ule serikali ilisomesha bure. Tangu mwaka 2005 iko Bodi ya Mikopo, na msomi wa leo akipata kazi anakatwa mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Na yeye anasema: "Chakula chenu nilikula, sawa, lakini mbona nakilipa?" Hoja yake si ya kupuuza. Kama kijiji kimeniuzia chakula, hakiwezi tena kuniita msaliti kwa kutorudi.

Hata hivyo, naona hoja hiyo imelipa nusu tu. Mkopo ulinunua ada, kitanda na chakula. Haukumnunua yule mwalimu wa fizikia wa shule ya kata aliyebaki darasani jioni na mshumaa. Haukumnunua fundi aliyemruhusu kijana wa mafunzo kwa vitendo ashike spana ya kwanza na kuharibu boliti ya watu. Subira ile haina risiti. Kwa hiyo liko deni lisilolipika kwa fedha, na swali linabaki: analipwa nani?

Kabla ya kujibu, tumguse na mwajiri, kwani yeye huwa anapita katikati ya mazungumzo haya kama mgeni. Fungua tangazo lolote la kazi ya ufundi: "uzoefu usiopungua miaka mitano." Bwana, uzoefu huo uote kwenye mti gani? Kila mmoja anataka kumwajiri mtu aliyeivishwa na mwingine, na wote wakiwaza hivyo hakuna anayepika. Huku ni kuvuna usipopanda. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ililiona tatizo hili, na tangu mwaka 2003 ina mpango wa kuwashikiza wahitimu wa uhandisi chini ya wahandisi wenye uzoefu kwa miaka mitatu. Lakini mpango wa namna hiyo unategemea kuwepo kampuni yenye mlango wazi. Hapa kwetu milango inaanza kuonekana: makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ilizinduliwa kiwanda cha majaribio Julai 2025. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinataka kampuni zitoe kipaumbele kwa Watanzania na ziwe na mpango wa kuwarithisha nafasi za wageni. Kanuni ni nzuri. Lakini kurithi hakuwezekani kama mrithi hajawahi kuingizwa chumba cha mitambo.

Lakini tusimseme mwajiri mkubwa tu, tukasahau vibanda vyetu. Nenda gereji yoyote au kwa fundi wa redio. Mwanafunzi yuko pale miaka miwili, anafagia, anaosha vipuri kwa petroli. Ikifika hatua yenyewe, ile siri ya kazi, fundi anampa mia tano: "Hebu kimbia ukaniletee sigara." Akirudi, kifuniko kimeshafungwa na injini inanguruma. Tunacheka, lakini fundi yule ana sababu zake. Mji ni mdogo. Akimfundisha yote, mwaka ujao kijana atafungua kibanda upande wa pili wa barabara na kumchukulia wateja kwa bei ya kutupa. Fundi hana pensheni, na siri hiyo ndiyo pensheni yake. Nani atamlaumu mtu kwa kuficha akiba yake? Ila matokeo ni kwamba kila fundi mzuri anapofariki, tunazika na chuo.

Je, kuna njia nyingine? Historia ya hapahapa inasema ipo. Miaka ya 1960 vijiji vya Litowa na vingine viliungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Wakulima hao walimiliki mashine ya kusaga hapa Songea mjini, na walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Shule ya Litowa iliwafundisha watoto kwa ajili ya maisha ya kijiji chao. Yaani ujuzi ulikuwa na mahali pa kukaa. Aliyejifunza hakumpora aliyemfundisha, kwa kuwa mashine ilikuwa ya wote. Mwaka 1969 chama kilivunjwa kwa amri kutoka juu, mali zake zikachukuliwa, na watu wakatawanyika na walichokijua. Peramiho nako, tangu Wabenediktini walipofika mwaka 1898, karakana zimerithishana useremala, uashi na uchapaji. Na masista wa Chipole wana mtambo wa umeme wa megawati 5 pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, uliowashwa mwaka 2015, na wanaiuzia TANESCO umeme. Watu wa imani watalieleza hilo kwa imani yao. Mimi naona jambo jingine pia: katika nyumba ya namna ile anayefundisha haogopi kunyang'anywa mkate na mwanafunzi wake.

Basi nitoe jibu langu, nawe ndugu msomaji ulipinge ukiweza. Naamini deni la fundi hulipwa kwa mwanafunzi. Halilipwi kwa mipaka ya wilaya. Mhandisi mzaliwa wa Songea aliyeko Dodoma au Muscat, kama amemshika mkono kijana mmoja hadi akaweza, amelipa. Na fundi aliyebaki hapa Majengo maisha yake yote akificha siri kwa sigara, bado anadaiwa, hata kama hajawahi kuvuka mto Ruhuhu. Kurudi nyumbani ni jambo jema, lakini kurudi ukiwa umefumba kiganja hakumsaidii mtu.

Ila mdai naye ana wajibu. Mji unaotaka mafundi lazima ukubali kuwalipa. Sisi tunalipa soda ya mia nane bila kunung'unika, lakini fundi akitaja elfu kumi tunasema, "Ah, si umekaza nati moja tu!" Tunasahau kwamba tunalipia miaka aliyotumia kuijua nati ipi. Mteja akiomba bei ya kirafiki kila siku, na fundi akaishi kwa wasiwasi kila siku, siri hazitafunguliwa. Wenye mashine za kusaga wa mji huu wangeweza kuchanga wakamsomesha kijana mmoja kusuka mota, wakakubaliana kumpa kazi zao zote kwa miaka kadhaa, kwa sharti kwamba naye afundishe mmoja. Gharama yake haiwezi kushinda nauli za mota zinazokwenda Mbeya.

Nasi tunaoshika kalamu tusijione tuko nje ya habari hii. Kuandika nako ni ufundi. Ukipata mdogo wako anayeleta hadithi yake ya kwanza imejaa makosa, utamwonyesha kosa liko wapi, au utamtuma sigara?