Mwangalieni Machoni!

Ndugu zangu, kizunguzungu kikimwangusha mtu ghafla, kikamganda saa nzima na zaidi, akawa anatapika na hawezi kusimama bila kushikwa, msikimbilie kusema ni presha, ni malaria, amepandwa na jini. Mwangalieni machoni! (Kile cha sekunde chache mtu anapojigeuza kitandani ni kingine, sikisemi hapa.)

Kuna kiharusi kinachopiga nyuma ya ubongo, penye usawa wa mwili na mwendo wa macho. Mkono waweza kubaki na nguvu, mdomo usipinde, ulimi usiwe mzito, na bado kiharusi kimo! Mwambieni atazame kulia, kisha kushoto. Macho yakirukaruka kuelekea kulia atazamapo kulia, yakageuka kurukaruka kuelekea kushoto atazamapo kushoto, hatari! Yakirukaruka juu na chini, hatari! Jicho moja likikaa juu ya mwenzake, akaona vitu viwiliviwili, hatari! Na msipoyaona haya, msijitulize: mpelekeni hospitali vilevile.

Nanyi matabibu, kwenu napaza sauti zaidi. Tangu 1988 watafiti Halmagyi na Curthoys wa Sydney walieleza kipimo kisichotaka mashine. Mgonjwa asiyeumia shingo akazie macho pua yako, nawe umgeuze kichwa ghafla, kidogo tu. Macho yakiponyoka kisha yakarudi puani kwa mruko, aghalabu kosa liko kwenye neva ya sikio la ndani. Yakibaki imara, na kizunguzungu hakijakoma, usimpongeze! Hapo ndipo pa kuogopa, maana kosa laweza kuwa ubongoni, ingawa tumezoea kwamba kipimo kizuri ni habari njema. Mwaka 2009 mtafiti Kattah na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 101: macho, yakipimwa na wajuzi, yalifichua viharusi ambavyo picha za kwanza za MRI hazikuvionyesha. Mnayo mikono, mnayo macho. Jifunzeni kipimo hiki, fundishaneni, msimrudishe mtu nyumbani na vidonge vya kichefuchefu kabla hamjampima!

Sehemu hiyo ya nyuma ya ubongo ikikosa damu huweza kuvimba siku chache baadaye, ikabana mahali panapoendesha pumzi. Na dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo, ndugu zangu, msingoje kupambazuke. Tafuteni gari sasa hivi, na mkifika mwambieni daktari kizunguzungu kilianza saa ngapi na mliona nini machoni.