Pumziko ni la Nani?

Liko swali linisumbualo: je, mtu aweza kusema amepumzika, ikiwa pumziko lake amelibeba mwingine kichwani?

Kwetu Usambara ya Mashariki mto Zigi watoka katika msitu wa Amani, washuka hata baharini karibu na Tanga, na watu wa mji ule hunywa maji yake. Huko Amani Wadachi waliweka bustani ya kujaribia mimea mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu ulifanywa hifadhi. Penye miamba yenye kivuli huota ua dogo la zambarau, lililopelekwa Ulaya mwaka 1892, na leo hupandwa vyunguni madirishani katika nchi nyingi.

Kando ya kijito kimoja kiingiacho Zigi nalipata mahali patulivu: mawe mapana, kivuli, na sauti ya maji tu. Nikawaambia watu wa nyumbani, "Jumamosi tutakwenda kula kule, tupumzike."

Siku ilipofika, mimi nalichukua fimbo na kitabu. Mke wangu alichukua mtoto mgongoni, na kapu la mchele na sufuria kichwani. Binti yetu alichukua kuni. Nikaketi juu ya jiwe, nikasifu kazi ya Mungu. Mke wangu akapuliza moto, akateka maji, akapika, akapakua, kisha akaosha vyombo. Binti yetu akaniuliza, "Baba, na mama atapumzika lini?" Sikuwa na jibu. Nalijifanya nasoma.

Wengine husema, "Ndiyo desturi, kazi ya mwanamke haichoshi." Asemaye hivyo hajapata kujitwika mtungi. Tena mke wangu huteka maji katika kijito kile kila alfajiri. Mahali nilipojisifu kupavumbua, yeye alipajua kwa miguu yake miaka yote.

Wengine watasema, "Basi heri msiende, maana matembezi ni uvivu." Hilo nalo silikubali. Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake waliochoka waende mahali pasipo watu. Na makutano walipowafuata, aliwaketisha penye majani mabichi, akawalisha. Mkubwa wao ndiye aliyetumika. Na amri ya Sabato haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Yamtaja mtumishi, yataja hata mnyama. Je, mke ni chini ya ng'ombe?

Basi Jumamosi nyingine twalikwenda tena. Usiku wake mimi na watoto twalichemsha mihogo, na asubuhi nikajitwika kapu. Jirani walicheka sana, na kweli shingo iliniuma. Mke wangu akaketi juu ya jiwe, miguu majini, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akalala usingizi, nasi tukamwacha.

Ndugu zangu waume, jaribuni hivi mara moja, ndipo mnijibu swali langu.