Umri wa Sifa

Jina la Serengeti, wilaya ya Mara inayopakana na Tarime, ndilo walibebalo vijana wa taifa wasiozidi miaka 17; nao huivua jezi mapema, kwani kinachowatoa ni umri, si uchovu. Mwaka 2017, nchini Gabon, Serengeti Boys walitoka suluhu na Mali, mabingwa watetezi waliolitwaa tena kombe, wakaifunga Angola 2-1, kisha wakafungwa 1-0 na Niger, wakarejea nyumbani. Mechi tatu. Je, ni haba mno kuandikiwa?

Waingereza, walipofungua ukumbi wao wa heshima wa soka mwaka 2002, walimwingiza Duncan Edwards, aliyefariki mwaka 1958 akiwa na miaka 21, kufuatia ajali ya ndege ya Munich. Wamwingizao kwa ajili ya ambayo angeyafanya hutunza ndoto. Yeye alikwisha kuyatenda. Apimaye sifa kwa miaka husifu uimara wa goti. (Mpenda mashairi hahitaji kuelezwa: nani ahesabuye beti kabla ya kusifu?)

Hata hivyo, huruma si tiketi. Kwa vijana wa Gabon, liandikwe pambano la Mali, na majina yao chini yake.