Aliyetetewa Naye Atetee

Somo: Mithali 31:8-9, 1 Yohana 2:1

Mithali inatuagiza tuseme kwa niaba ya wasioweza kujisemea. Tunapenda mahubiri ya kuinuliwa, lakini hili nalo ni Neno.

Mkumbukeni wakili Willie Kimani. Alifanya kazi na shirika la International Justice Mission hapa Kenya, akiwatetea wasio na pesa za wakili. Mmoja wao alikuwa Josephat Mwendwa, mwendeshaji bodaboda aliyepigwa risasi na polisi mwaka wa 2015. Alilalamika kwa IPOA, na badala ya kupata amani akajikuta anashtakiwa makosa ya barabarani. Tarehe 23 Juni 2016 Kimani alikuwa naye katika mahakama ya Mavoko. Walipotoka walitekwa, pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Siku chache baadaye miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Ilichukua miaka sita, hadi Julai 2022, kwa Mahakama Kuu kuwapata na hatia polisi watatu na mpasha habari wao.

Mimi nilisomea biashara. Ukipiga hesabu za darasani, kesi kama ile ni hasara: mteja hana kitu, hatari ni kubwa, funga faili. Kimani hakuifunga.

Sasa tuje kwetu. Kijana akishikwa usiku Kayole au Dandora, asubuhi mama yake anaenda korti ya Makadara peke yake, hajui amwulize nani. Sisi tunamwambia, "Mama, tunakuombea." Ni vizuri, lakini mmoja wetu apande matatu naye. Keti naye kwenye benchi. Andika nambari ya OB, nambari ya kesi na tarehe ya kurudi. Na nyinyi mliosoma sheria, wapeni majirani hata Jumamosi moja kwa mwezi.

Utauliza, "Pasta, si hiyo ni hatari?" Wakati mwingine ni hatari kweli. Ndiyo maana tusimwachie mtu mmoja. Twende wawili, watatu.

Wapendwa, sisi pia tulikuwa na kesi mbaya mbele za Mungu, na ada hatukuwa nayo. Yohana anasema Yesu ndiye anayetutetea kwa Baba. Alilipa kwa damu yake. Mtu aliyetetewa bure atanyamazaje jirani yake akionewa?

Bwana atupe ujasiri. Amina.