Mtoto asiyeweza kusoma si mkaidi: tuweke bakora chini

 

Ndugu yangu Muislamu, kwa kawaida anayeshika kalamu kwenye ukurasa huu huja kunasihi wengine. Leo naanza kwa kuinasihi nafsi yangu, maana jambo ninaloliandika nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Ijumaa moja baada ya swala, hapa Moshi mjini, nilikuwa nje ya msikiti natafuta viatu vyangu. Akanijia kijana wa makamo, mikono ina madoa ya grisi, amemshika mtoto wa kiume. Akanisalimia, "Assalaam alaykum ustadhi, shikamoo." Nikaitika, lakini sikumtambua. Akaniambia, "Ustadhi, nilisoma kwako zamani. Huyu ni mwanangu, ana miaka 8, yuko darasa la pili. Nataka aje madrasa. Ila naye yuko kama nilivyokuwa mimi. Nakuomba jambo moja tu: usimpige."

Hapo ndipo nilipomkumbuka.

Aliletwa madrasa mwaka 2003, ana miaka 9. Mjomba wake alikuwa amemteremsha kutoka kwa bibi yake huko Machame aje asome mjini. Nyumbani alikolelewa kilisemwa Kimachame, shuleni akakuta Kiswahili, na alasiri kwangu akakuta Kiarabu. Sikio lake lilikuwa neema ya pekee. Aliwasikiliza wenzake wakisoma, na baada ya muda mfupi Suratu Yasin yote alikuwa nayo kifuani. Lakini ukimfungulia juzuu, ukaweka kidole katikati ya mstari na kumwambia "soma hapa", alinyamaza kimya. Alifu na be alizitaja leo, kesho zimepotea.

Mimi nikahukumu haraka. Nikasema, mtoto aliyehifadhi Yasin hawezi kushindwa na herufi. Huyu anajua, ana kiburi tu. Nikamchapa viganjani. Nikamsimamisha mbele ya wenzake na juzuu kichwani, wakamcheka. Nilidhani namtia adabu. Akaanza kuchelewa, kisha akaanza kujificha, na mwaka 2005 akaacha madrasa na shule kwa pamoja. Nilisikia anabeba mizigo soko la Mbuyuni. Nikasema, "Kajitakia mwenyewe," nikaendelea na wengine.

Leo ni fundi wa pikipiki. Wateja wake wananiambia anatambua ubovu wa injini kwa kuisikiliza tu. Lakini ujumbe wa simu anasomewa na mkewe.

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala. Kesho yake nilikwenda kwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu baada ya kufundisha darasa la kwanza miaka mingi huko mlimani. Yeye si Muislamu, lakini elimu yake ni kweli, na kweli huchukuliwa inapopatikana. Nilimwamkia, nikamweleza, akaniambia nimlete mtoto.

Alimkalisha barazani, hakumpa kitabu. Akamwuliza, "Mwanangu, nitajie neno linaloanza kama meza." Nilitegemea mtoto aseme mama, au maji. Mtoto akafikiri, akajibu kwa furaha, "Kiti!" Yule mama hakucheka. Akanigeukia akasema, "Umeona, mwalimu? Kwake meza ni chombo cha kulia chakula. Bado hajagundua kwamba ni sauti pia, na kwamba sauti hiyo inakatika vipande. Ukimwonyesha herufi kabla hajasikia vipande, unamwonyesha michoro tu."

Sentensi hiyo ilinifundisha zaidi ya miaka yangu yote ya kusomesha. Kusema ni jambo ambalo mtoto hujifunza kwa kukaa na watu. Kusoma sivyo. Wanadamu wamesema tangu enzi na enzi, lakini maandishi umri wake ni miaka elfu tano na ushei tu. Hakuna anayezaliwa na kusoma ndani yake. Kila mtoto lazima ajenge daraja baina ya sauti anayoisikia na alama anayoiona, kisha alivuke mara nyingi mpaka lisimchoshe.

Tulio wengi hatufundishi kulivuka daraja hilo. Tunafundisha kuimba. Mtoto anaimba "ba be bi bo bu" ubaoni, anaimba ukurasa wa kwanza wa kitabu, anaimba Juzuu ya Amma, na sisi tunasema mashaallah, amesoma. Kuhifadhi ni ibada tukufu wala sikudharau. Lakini kuhifadhi ni kazi ya sikio na kumbukumbu, na kusoma ni kazi nyingine. Kipimo chake ni rahisi: weka kidole katikati ya ukurasa, si mwanzo. Akianza kurudia kutoka juu ili afike pale, jua anaimba.

Tusidhani hili ni la madrasa peke yake. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo, uliopita nyumba kwa nyumba nchini, ulionyesha kwamba kiasi cha mtoto 1 kati ya 5 waliokuwa wanamaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa ili mkazo uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Serikali ilijiuliza ikabadili. Je, sisi wa madrasa tumejiuliza lini?

Basi kwa nini mtoto mmoja anavuka na mwenzake anakwama? Nitataja sababu nne.

Kwanza, lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kichagga anaweza kufika mjini Kiswahili chake kikiwa bado kichanga. Wengi wetu wa bara hatukuzaliwa na sauti za dh, th na gh; dhambi twaiita zambi. Sasa mtoto huyo mpe sini, the na swadi. Mwalimu anaona herufi tatu zenye sauti tatu, mtoto anasikia sauti moja yenye michoro mitatu. Akikosea, hajakosea kwa ujinga. Azoeshwe kwanza sikio na ulimi, ndipo aonyeshwe herufi.

Pili, macho na masikio. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni, au mwenye sikio linalotoka usaha mara kwa mara, atafundishwa vipi tofauti ya be na te, ambayo ni nukta tu, au tofauti ya ha na kha? Hapa Moshi tuna hospitali ya KCMC tangu mwaka 1971, na madaktari wa macho wapo. Kabla ya kununua bakora, tumpime mtoto.

Tatu, wingi na njaa. Watoto 60 kwa ustadhi mmoja, msahafu mmoja kwa watoto watano, mtoto ametoka shule saa nane hajala, kisha anateremka na ndoo au anapeleka majani kwa ng'ombe ndipo aje madrasa. Huyo akisinzia, je, ni shetani au ni tumbo?

Nne, na hii ndiyo tusiyoijua. Wapo watoto ambao Allah (s.w.) amewapa akili timamu, macho mazima, masikio mazima, na bado herufi zinawawia nzito. Wataalamu huiita hali hiyo disleksia, na wengi wao hukadiria kuwa inawapata watu 5 hadi 10 katika kila 100. Si ugonjwa wa kuambukiza, si uchawi, wala si uvivu. Mara nyingi hufuata damu, baba akiwa nayo mtoto huweza kuwa nayo. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na mwepesi wa hesabu, aliyefundishwa kwa miaka lakini kusoma kukamshinda. Mwalimu wake alisema kwamba lau masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angekuwa miongoni mwa werevu kabisa wa shule. Nilipoisikia habari hiyo nilimwona mwanafunzi wangu na Yasin yake. Zaidi ya miaka 100 watu walikuwa wameshalijua jambo hili, na mimi mwaka 2003 nilikuwa natafuta jibu lake kwenye fimbo.

Fimbo haifundishi herufi. Inafundisha hofu, na mtoto mwenye hofu macho yake yako kwenye mkono wa mwalimu, hayako kwenye ukurasa.

Ndugu zangu, dini yetu ilishatufundisha haya kabla ya wataalamu. Wahyi wa kwanza, katika Suratul Alaq, ulikuwa amri ya kusoma, na uliteremka kwa Mtume asiyejua kusoma wala kuandika. Basi kutojua kusoma kunakuwaje aibu ya kumfanya mtoto achekwe? Katika mapokezi ya Tirmidhi tunaona Mtume (s.a.w.) akimweleza Jibril (a.s.) kwamba umati wake una vikongwe, wazee, watoto wa kiume na wa kike, na watu ambao hawajapata kusoma kitabu; akajibiwa kwamba Qur'an imeteremshwa kwa herufi saba. Yaani wasiojua kusoma waliombewa wepesi. Na katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayeisoma Qur'an kwa kukwama na kwa taabu ameahidiwa ujira mara mbili. Fikiria: mtoto ambaye kwa Mola wake ana ujira mara mbili, kwangu alikuwa na bakora mara mbili.

Tukumbuke pia Suratu Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu, alikuja kutafuta elimu, Mtume (s.a.w.) akiwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Allah akateremsha aya za kumwelekeza Mtume wake kwa sababu ya uso uliokunjwa, tena uso ambao kipofu yule hakuuona. Sisi tunawakunjia uso watoto wanaouona. Na yule asiyeweza kuona herufi hata moja akaja kuwa miongoni mwa waadhini wa Madina.

Sasa tufanye nini? Wewe mzazi, usiulize tu "amefika sura gani?" Kaa naye dakika 10 kila siku, weka kidole katikati, msikilize. Hata kama wewe hujui kusoma, cheza naye mchezo wa sauti: tafuta neno linaloanza kama maji, kama kuku. Wewe ustadhi mwenzangu, anza na herufi chache, usiende mbele mpaka zimekaa. Yule mama alimwaga mchanga kwenye sinia, mtoto akachora herufi kwa kidole huku akitoa sauti yake. Nami nimeanza kufanya hivyo kwa be na te, na gharama yake ni sifuri. Anayekwama umsikilize peke yake, si mbele ya wenzake. Nanyi wa kamati za misikiti, mnakusanya mamilioni ya marumaru na mazulia. Tengeni fungu la kuwapeleka maustadhi wakajifunze namna ya kusomesha. Katika vita vya Badri, imepokewa kwamba mateka waliojua kuandika walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kufundisha watoto wa Madina. Kama Mtume (s.a.w.) aliukubali ualimu uwe fidia ya mateka, sisi tunauthamini kwa kiasi gani?

Limebaki moja. Tunajua kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja inamhitaji mja mwenyewe. Nilimfuata fundi yule gereji kwake. Nikamwambia mbele ya vijana wake kwamba nilimdhulumu, nikamwomba anisamehe. Alifuta mikono kwa kitambaa, akanyamaza kitambo. Akasema, "Ustadhi, mimi nilishakusamehe zamani. Ila nilishindwa kurudi."

Maneno hayo nayabeba. Msamaha nimeupata, lakini miaka yake haikurudi.

Mwanawe sasa ana miezi minne nami. Sitadanganya kwamba anasoma kama maji. Herufi zilizomkalia ni 11, na ya 12 bado inamsumbua. Lakini juzi niliweka kidole katikati ya ukurasa, akavuta pumzi, akaunganisha taratibu, akafika. Hakuimba. Alisoma.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, tulainishe mioyo kwa watoto uliotuamini nao, na utusamehe tuliowakosea bila kujua na kwa kujua. Ustadhi mwenzangu, kama yupo uliyempiga akaondoka, na unajua anapofanya kazi, usingoje akuletee mwanawe. Nenda.

Wabillahi tawfiq.