Sifuri ya Mbele

Shuleni tulifundishwa kwamba sifuri ikikaa nyuma ya nambari ina nguvu, ikikaa mbele haina kazi. Kumi ni kumi, uandike 10 au 010. Mwalimu wetu wa hesabu hapa Muhoroni alikuwa akiifuta sifuri kama hiyo kwa kidole, hata bila kutafuta dasta. Niliamini hivyo mpaka nikawa mtu mzima mwenye kazi, na imani hiyo ikamnyima mama mmoja malipo ya miwa aliyoingoja miezi kumi na minane.

Nitamfikia huyo mama. Lakini kosa langu nililielewa vizuri baadaye, nikisoma kazi ya watu wengine kabisa, kwa hiyo acha nianzie huko.

Kuna programu huria inayoitwa Kubernetes. Kazi yake ni kusimamia klasta, yaani kundi la kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama moja: ipi ibebe mzigo gani, ipi imeanguka, nani achukue nafasi yake. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake nahodha, na sisi tunaoishi karibu na Ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Google iliiweka wazi mwaka 2014, toleo la 1.0 likatoka 2015, na imeandikwa kwa lugha ya Go. Sasa, Go hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka. Toleo likishapitwa na mawili mapya, haliletewi tena marekebisho ya usalama. Kwa hiyo watu wa Kubernetes hawawezi kukaa tu na kusema sisi tumeridhika na Go yetu ya zamani. Lazima wapande. Na wakipanda, hata kama hawajagusa herufi moja ya msimbo wao, ardhi iliyo chini yake imesogea.

Ndiyo maana wanajaribu sana. Kuna majaribio madogo ya kipande kimoja kimoja, kuna ya kuwasha klasta nzima, na kuna yale makubwa ya kompyuta 5000. Mwaka 2019 hayo makubwa yalinasa ucheleweshaji uliotokana na Go 1.12. Ukiwa na klasta ndogo ya kuchezea kwenye kompyuta yako, kama mimi, huoni kitu.

Lakini kisa kilichonikamata ni cha 2021. Anwani ya kompyuta kwenye mtandao huandikwa kwa nambari nne zenye nukta katikati, kwa mfano 10.0.0.1. Je, mtu akiandika 010.0.0.1? Go ilikuwa inafanya kama mwalimu wangu: inaipuuza sifuri na kusoma kumi. Programu nyingine, zenye mila ya zamani zaidi, huichukua sifuri ya mbele kuwa ishara kwamba nambari inahesabiwa kwa nane-nane, si kwa kumi-kumi. Kwao 010 ni nane. Sasa fikiria askari wa getini anasoma nane, na aliye ndani ya nyumba anasoma kumi. Mgeni anaruhusiwa kwa jina moja, anaingia kwa jina lingine. Hilo si jambo la nadharia. Liliandikishwa rasmi kama udhaifu wa usalama, na Go 1.17 ilipotoka Agosti mwaka huo ikaacha kukisia: anwani yenye sifuri ya mbele inakataliwa.

Uamuzi mzuri. Ningeuunga mkono. Shida ni kwamba duniani kulikuwa na klasta ambazo tayari zilikuwa zimehifadhi anwani za aina hiyo, zimeandikwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia ni kosa. Kubernetes ikihamia Go 1.17 hivi hivi, mtu angelala mfumo wake ukiwa mzima na kuamka usimamizi unaikataa kazi yake mwenyewe. Basi walichukua kile kisomaji cha zamani cha Go, wakakinakili ndani ya hazina yao, na kukiita ParseIPSloppy. Sloppy ni ovyo, kazi ya kilegelege. Wakahama na Kubernetes 1.23 mwishoni mwa mwaka, mlango wa zamani ukiwa bado wazi, na juu ya mlango wameandika kwamba mlango huu si mzuri.

Niliposoma hapo niliacha kompyuta nikatoka nje. Matrela ya miwa yalikuwa yanapita kuelekea mizani, harufu ya molasi iko hewani, na mimi namfikiria Dani.

Tunamwita Dani, nyanya, ingawa si nyanya yangu wa damu. Ni jirani, mjane, ana shamba dogo la miwa. Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha kupandisha toleo la programu ya malipo kwa chama kimoja cha wakulima. Programu ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya toleo la zamani lisilotunzwa tena. Kuiacha hivyo kulikuwa ni hatari, na nililieleza hilo kwa kamati mpaka wakakubali. Nilifanya kazi kwa uaminifu. Niliandika majaribio zaidi ya mia mbili. Yote yakapita, kijani juu mpaka chini, na nikatuma ujumbe kwamba mfumo umejaribiwa na uko sawa.

Malipo yalipotoka, watu 19 hawakuwa kwenye orodha. Dani alikuwa mmoja wao. Nambari yake ni 0174, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Programu ya zamani ilikuwa inaishika kama maandishi tu. Mimi, katika kusafisha, niliifanya iwe nambari ya kweli ya hesabu, na hapo 0174 ikawa 174. Kumbe 174 alikuwepo, mtu mwingine, upande wa pili wa reli. Vitabu vya zamani vya karatasi vilikuwa viwili, na ile sifuri ndiyo iliyokuwa inasema wewe ni wa kitabu kipi. Programu ilipoona nambari moja mara mbili ikamlipa wa kwanza na kumsukuma wa pili kwenye faili la makosa ambalo hakuna aliyelifungua kwa wiki tatu.

Pale ofisini aliambiwa ajisajili upya. Alete cheti cha kifo cha mzee, barua ya chifu, picha mbili. Alikuja kwangu jioni kwa sababu alisikia mimi ni mtu wa kompyuta, si kwa sababu alijua ni mimi.

"Nyathina," akasema, "miwa ilikatwa, ikalala barabarani siku mbili ikikauka, lakini ilipimwa. Risiti niko nayo. Sasa hiyo mashini inasema mimi si mtu wa hapa. Kwani nimekuwa nani?"

Mtoto wa mwanawe alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hilo hakulisema yeye, nililiona mwenyewe, siku ya shule kijana yuko kwa lango anachunga mbuzi.

Mwanzo nilijitetea moyoni kwamba programu ilikuwa sahihi kukataa, na kwa kweli ilikuwa sahihi. Ingekuwa mbaya zaidi kama ingepeleka pesa za Dani kwa yule wa upande wa pili. Hapa ndipo wanaosema tuwe wapole siku zote huniacha. Jon Postel, mmoja wa waliojenga intaneti, aliandika mwaka 1980 wazo ambalo limekuwa kama kanuni: programu iwe kali kwa inachotuma, iwe na moyo mkubwa kwa inachopokea. Ni wazo la mtu muungwana. Lakini ile 010 ilipokelewa kwa moyo mkubwa miaka mingi, na moyo huo ndio ukawa mwanya wa mwizi. Ukimvumilia huyu, kuna mwingine unayemweka hatarini, na mara nyingi hamjui.

Kwa hiyo swali langu si kama sheria iwe kali au laini. Swali ni nani abebe mzigo siku sheria inaponyooshwa. Mimi nilinyoosha, Dani akabeba. Wale wa Kubernetes walikuwa na njia rahisi kama yangu: lugha imebadilika, si sisi, soma maelezo ya toleo, rekebisha mambo yako. Badala yake wakakubali kuufuga msimbo mbaya ndani ya nyumba yao wenyewe, wautunze, wauonee aibu hata kwenye jina lake, ili mtu wasiyemjua asiamke amefungiwa nje. Wala hawakulala hapo. Mwaka 2025, toleo la 1.33 lilileta swichi ya ukaguzi mkali, ikiwa imezimwa kwa kuanzia: ukiiwasha, anwani mpya yenye sifuri ya mbele inakataliwa, lakini ile iliyokuwemo tangu zamani inaachwa iishi.

Najua mtu atasema ile ni programu ya dunia nzima, ina kampuni kubwa nyuma yake, wewe ulikuwa kijana mmoja mwenye kibarua. Ni kweli kwa kiasi. Msimbo wa zamani haufugwi bure, kuna mtu anaamka usiku kuulisha, na katika programu huria mara nyingi mtu huyo halipwi. Siwezi kumdai kila mtu hivyo. Ila mimi sikuhitaji kampuni. Nilihitaji kufungua kile kitabu cha karatasi kilichokuwa kwenye kabati, hatua tano kutoka nilipoketi. Majaribio yangu yote niliyaunda kutoka kwa orodha ya wanachama waliosajiliwa baada ya kompyuta kufika, kwa sababu hao ndio waliokuwa rahisi kuwapata. Niliposema mfumo umejaribiwa nilikuwa nasema: nimewauliza wale ninaowakumbuka, na wamesema wako sawa.

Nilimwambia Dani ni mimi. Ilinichukua siku nne. Aliangalia chini kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ndiye unajua nilipotelea wapi." Na akaniambia kwamba nambari mpya hataki.

Nilirekebisha bila malipo, si kwa wema, kwa aibu. Pesa zilitoka mwezi uliofuata. Muhula wa yule kijana ulikuwa umekwisha. Wakulima wapya siku hizi wanapewa nambari za mfumo mmoja, hazina sifuri mbele. Wa zamani wamebaki na zao, na msimbo unaowatunza ni mchafu, mimi ndiye ninautunza. Karani amewahi kuniuliza tutaufuta lini. Dani akifika kwenye mizani anaulizwa nambari, naye huitaja polepole, yote: sifuri, moja, saba, nne.