Kumshuhudia Kadhi ni Amana

Ndugu zetu wa Shanzu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yataka kadhi awe Mwislamu mwenye ilimu ya sharia itakayoitosheleza Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ilimu yapimika kwa masuali. Tabia waijuao ni majirani. Basi Tume itangazapo majina ya wanaotaka Ukadhi Mkuu na kutaka maoni ya raia, sisi huulizana: ni wa ukoo gani? (Wengine hawaulizi hata hilo.) Mjane adaiye thumuni yake ya urithi ukoo huo wamfaa nini? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa makadhi ni watatu, wawili ni wa Motoni. Amjuaye mtu kwa rushwa na aiandikie Tume, japo ni mjombake.